Meli Haina Breki: Jinsi Hewa Inavyoongoza Injini



Umewahi kusimama gatini ukaitazama meli kubwa ikiingia bandarini? Inakuja polepole. Watu wamejaa wakingojea ndugu zao na mizigo yao. Wengine wanasogea hadi ukingoni kabisa. Meli inakaribia, inakaribia. Halafu maji ya nyuma yake yanachafuka, povu linapanda juu, na meli inasimama hatua chache tu kutoka ukuta wa gati.

Wengi wetu tukiona hivyo tunadhani nahodha amekanyaga breki. Sivyo. Meli haina breki. Haina magurudumu ya kubanwa, wala hakuna ardhi ya kushika. Iko juu ya maji, na maji hayashikiki. Meli kubwa iliyo katika mwendo wake wa kawaida baharini, hata injini ikizimwa, huendelea kwenda kilomita kadhaa kabla ya kusimama yenyewe.

Basi, inasimamaje pale gatini? Inasimama kwa sababu injini yake inageuzwa ili izunguke kinyumenyume. Na katika meli nyingi kubwa, kitu kinachoigeuza injini hiyo si mkono wa mtu. Ni hewa. Ndiyo, hewa hii hii tunayovuta puani.

Leo tutaeleza jinsi hewa inavyofanya kazi hiyo.

USIDHARAU HEWA

Hewa ikiwa huru haina nguvu ya kutosha kusukuma kitu kizito. Lakini hewa ikishindiliwa mahali padogo, kama tunavyoshindilia pamba katika gunia, hupata nguvu kubwa.

Mfano uko nyumbani kwako. Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole gumba, kisha sukuma mpini. Utaona mpini unakataa kwenda, na ukiuachia unarudi wenyewe. Hewa iliyobanwa inataka kutoka. Gusa pampu hiyo baada ya kujaza gurudumu. Utakuta ina joto. Kumbuka jambo hilo la joto, maana tutalirudia.

Mfano mwingine ni lori au basi. Dereva akisimama, unasikia sauti: "Pshiii!" Hizo ndizo breki za upepo. Dereva anabonyeza kidogo tu kwa mguu, na hewa iliyoshindiliwa inafanya kazi nzito ya kubana magurudumu. Mvumbuzi wa Marekani, George Westinghouse, alitengeneza breki za hewa za treni mwaka 1869. Tangu hapo watu wameitumia hewa kwa kazi nyingi za kuongoza mitambo.

Tufanye hesabu kidogo. Hewa ya kuongozea mitambo melini kwa kawaida husukuma kwa nguvu ya kama kilo 7 kwa kila sentimita moja ya mraba. Sentimita moja ya mraba ni kama ukubwa wa ukucha wa kidole. Sasa chukua pistoni ndogo yenye upana wa sentimita 10. Uso wake una kama sentimita 78 za mraba. Zidisha 78 kwa 7. Utapata 546. Yaani pistoni inayoenea katika kiganja cha mkono inasukuma kwa nguvu ya kilo 546! Huo ni uzito wa magunia matano ya mahindi, na zaidi.

HEWA YA MELINI INATOKA WAPI?

Chini kabisa ya meli kuna chumba cha injini. Humo kuna mashine iitwayo kompresa. Kazi yake ni ile ile ya pampu ya baiskeli, ila inaendeshwa na mota, na nguvu yake ni kubwa mno. Kompresa inavuta hewa, inaishindilia, inaipoza, inaishindilia tena, halafu inaipeleka katika mitungi mikubwa ya chuma. Katika mitungi hiyo hewa hufika nguvu ya kama kilo 30 kwa kila sentimita ya mraba. Linganisha na gurudumu la gari dogo, ambalo lina kama kilo 2 tu.

Mitungi hii ndiyo ghala la meli. Kama mkulima anavyoweka chakula ghalani kabla ya njaa, ndivyo mafundi wa meli wanavyoweka hewa mtungini kabla ya kuingia bandarini.

Kutoka mtungini hewa hugawanywa kwa kazi mbili:

Kazi ya kwanza ni KUWASHA INJINI. Injini kubwa ya meli haiwashwi kwa betri kama gari. Ni kubwa kama nyumba ya ghorofa. Hewa ya kilo 30 huingizwa ndani ya silinda za injini, moja baada ya nyingine. Hewa inasukuma pistoni, na injini inaanza kuzunguka. Ikishapata mwendo, dizeli au mafuta mazito yanaingizwa, yanawaka, na injini inajiendesha yenyewe.

Si jambo geni. Meli ya Denmark iitwayo Selandia, iliyoanza safari zake mwaka 1912, ni miongoni mwa meli kubwa za kwanza kuvuka bahari kwa injini za dizeli. Hata injini zake ziliwashwa kwa hewa.

Kazi ya pili ni KUONGOZA. Hapa hewa haihitaji kuwa kali sana. Hupitishwa katika vali ya kupunguza nguvu, ikatoka na kilo 7. Kisha huchujwa uchafu, hukaushwa maji, na hupelekwa katika vibomba vyembamba kwenda sehemu mbalimbali. Hii ndiyo hewa inayobeba amri za nahodha.

AMRI INAVYOSAFIRI

Zamani nahodha hakuweza kuigusa injini. Yeye alikuwa juu, injini ilikuwa chini. Katikati kulikuwa na chombo kiitwacho telegrafu. Nahodha alisogeza mshale kwenye neno "Mbele" au "Nyuma," na kengele ikalia chini. Fundi wa injini alisoma mshale, akajibu, kisha akavuta vyuma na kuzungusha koki kwa mikono yake. Kazi ilikuwa nzito na ilitaka watu wengi. Tena amri iliweza kukosewa.

Baadaye watu walitafuta njia ya kumwezesha nahodha kuiongoza injini mwenyewe. Mwaka 1961 Japani ilitoa meli iitwayo Kinkasan Maru, ambayo injini yake iliongozwa kutoka chumba cha nahodha. Miaka iliyofuata mpango huo ulienea katika meli nyingi duniani.

Hebu sasa tufuate amri moja, hatua kwa hatua. Meli inakwenda mbele polepole. Nahodha anataka isimame, kwa hiyo anaamuru "Nyuma." Katika meli nyingi kubwa za mizigo, injini imeungwa moja kwa moja na rafadha kwa mhimili mrefu. Rafadha ni lile pangaboi la chuma linalozunguka chini ya maji na kusukuma meli. Hakuna gia katikati. Rafadha ikitakiwa kurudi nyuma, injini yote lazima igeuke.

Hatua ya 1. Nahodha anavuta mpini kutoka "Mbele" kupitia "Simama" hadi "Nyuma." Mpini huo umefungua vali ndogo. Hewa inakimbia katika kibomba chembamba kama kalamu, kuelekea chumba cha injini.

Hatua ya 2. Mpini unapopita "Simama," hewa inasukuma pistoni ndogo zinazokata mafuta. Injini haipati chakula tena. Inaanza kulegea.

Hatua ya 3. Hewa nyingine inasukuma vyuma vinavyopanga zamu ya silinda, yaani ipi ifanye kazi kwanza na ipi ifuate. Vinahama kutoka mpango wa mbele hadi mpango wa nyuma.

Hatua ya 4. Sasa ile hewa kali ya kilo 30 inafunguliwa. Inaingia katika silinda kwa mpango wa nyuma. Kwanza inapinga mzunguko wa zamani mpaka injini isimame. Kisha inaizungusha kinyume.

Hatua ya 5. Injini ikishazunguka kinyume kwa kasi ya kutosha, hewa ya kuwashia inafungwa na mafuta yanaingizwa. Injini inanguruma. Rafadha inavuta maji kinyume, povu linapanda, na meli inasimama.

Umeona? Nahodha alivuta mpini mmoja kwa mkono mmoja. Kazi nyingine yote imefanywa na hewa.

JE, MWENDO UNAPANGWAJE?

Nahodha hataki tu kwenda mbele au nyuma. Anataka pia polepole sana, polepole, nusu, au mwendo kamili. Hapo hewa inatumika kwa akili zaidi.

Mpini ukisogezwa kidogo, vali inaruhusu hewa hafifu. Ukisogezwa zaidi, hewa inazidi nguvu. Katika mitambo mingi ya namna hii hewa hiyo huwa kati ya nusu kilo na kilo 5. Hewa inafika kwenye chombo ambacho mafundi hukiita gavana. Gavana "inasoma" nguvu ya hewa. Hewa hafifu maana yake mafuta kidogo. Hewa yenye nguvu maana yake ongeza mafuta. Ni sawa na mtu anayekubonyeza begani: akibonyeza kidogo unatembea, akibonyeza sana unakimbia.

Meli ndogo nyingi zina gia. Kwao injini huzunguka upande mmoja siku zote, na hewa hutumika kubana au kuachia klachi ili rafadha igeuke. Namna ni tofauti, lakini shabaha ni moja.

KWA NINI HEWA, SI KITU KINGINE?

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini wasitumie umeme peke yake, au kamba na vyuma?

Kamba na vyuma vinachoka na kukwama. Chumba cha nahodha kinaweza kuwa mbali sana na injini. Umeme ni mzuri na wa haraka, lakini ukikatika, umekatika. Hewa iliyo mtungini inabaki pale hata taa za meli zikizimika zote. Tena hewa haitoi cheche, na kibomba kikivuja hakimwagi mafuta sakafuni.

Ila hewa nayo ina udhaifu. Katika bomba refu sana amri inachelewa kidogo. Ndiyo maana katika meli nyingi za siku hizi amri husafiri kwa umeme na kompyuta kutoka juu, lakini ikifika kwenye injini, mara nyingi hewa ndiyo inayosukuma vyuma. Hata injini mpya zinazoongozwa na kompyuta, nyingi bado huwashwa kwa hewa.

HEWA IKIISHA JE?

Hapa ndipo penye hatari, ndugu msomaji.

Kila mara injini inapogeuzwa, mbele, nyuma, mbele tena, hewa ya mtungini inapungua. Nahodha asiye mwangalifu anaweza kuimaliza. Mitungi ikiwa mitupu, injini haiwashiki. Na meli isiyo na injini karibu na gati ni kama ng'ombe mwenye wazimu sokoni.

Kwa sababu hiyo kuna kanuni. Meli ambayo injini yake hugeuzwa mbele na nyuma lazima iwe na akiba ya hewa ya kuiwasha mara 12 bila kujaza mitungi tena. Ambayo injini yake haigeuzwi, lazima iweze kuiwasha mara 6. Pia akiba hiyo isiwekwe katika mtungi mmoja tu. Iwe angalau miwili, ili mmoja ukiharibika mwingine uokoe.

Kuna kanuni nyingine za usalama:

Kwanza, injini iongozwe kutoka mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Mabwana wawili wasitoe amri mbili.

Pili, hewa ya kuongozea ikipotea ghafla, mtambo upige kengele. Na injini, inapowezekana, iendelee na mwendo iliokuwa nao mpaka mafundi waishike kwa mikono. Hapa meli ni tofauti na lori. Lori likikosa upepo, breki hubana na lori husimama. Lakini meli ikizimika ghafla katika mlango mwembamba wa bandari, mkondo utaichukua na kuitupa mwambani.

Tatu, nahodha awe na kifaa cha kuizima injini wakati wa dharura, ambacho hakitegemei ule mpini wa kawaida.

Nne, pawepo na mpini wa mkono kando ya injini yenyewe. Hewa ya kuongozea ikikataa, mtu asimame pale aiongoze injini.

ADUI NI MAJI

Katika kijiji jirani yupo mzee mmoja aliyefanya kazi ya injini melini kwa miaka mingi. Siku moja nilimkuta barazani akisuka wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Nilimwuliza ni kitu gani kilichomtisha zaidi melini. Nilidhani atasema dhoruba. Akacheka.

"Maji," akasema. "Lakini si yale ya nje. Ni yale ya ndani ya bomba la hewa."

Akanieleza. Ukiifunua sufuria ya wali jikoni, kifuniko kinadondosha maji. Mvuke umepoa ukawa maji. Hewa nayo ina unyevu ndani yake. Ikishindiliwa inapata moto, kama ile pampu ya baiskeli. Ikipoa mtungini, unyevu unageuka maji na kukaa chini. Maji hayo yakiachwa huingia katika vibomba. Yanaleta kutu. Kutu inaziba vali ndogo.

"Sasa usiku mmoja," akaendelea, "tulikuwa tunaingia bandarini. Kijana wa zamu hakuwa ametoa maji mtungini. Alisaini daftari tu kwamba ametoa. Nahodha akaamuru nyuma. Vali ikakwama. Injini kimya! Na kule gatini watu wamejaa, akina mama na watoto mgongoni."

"Mkafanyaje, mzee?"

"Kengele ililia. Mkubwa wetu akakimbilia mpini wa mkono, mimi nikashika simu ya kuongea na juu. Tukaigeuza injini sisi wenyewe. Wakati huo nahodha alikuwa ameshaangusha nanga. Meli iligusa gati ikavunja mbao tu. Hakuna aliyekufa. Lakini, mwanangu, mpaka leo nikisikia kengele ya shule naruka."

Nikamwuliza yule kijana alifanywaje. Mzee akanyamaza kidogo.

"Mimi ndiye niliyekuwa kijana huyo," akasema. "Tangu siku ile sijasaini kitu ambacho sijakifanya."

Adui wa pili ni mafuta. Mafuta ya kulainisha kompresa yakiingia katika mabomba ya hewa kali, na moto wa injini ukavuja kurudi nyuma kupitia vali mbovu, bomba linaweza kulipuka. Meli ya Uingereza iitwayo Capetown Castle ilipata mlipuko wa namna hiyo mwaka 1960, ikaua watu wa chumba cha injini. Ndiyo maana mafundi wakigusa bomba la hewa ya kuwashia wakakuta lina moto usio wa kawaida, hawangoji. Wanatafuta vali inayovuja.

SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Labda utasema, "Mimi ni mkulima, meli yanihusu nini?" Yakuhusu. Meli ndizo zinazobeba kahawa, pamba na korosho zetu kwenda ng'ambo, na kutuletea mbolea na mafuta. Nasi tukienda kupokea wageni gatini, tunasimama mbele ya chombo kisicho na breki. Kwa hiyo:

Usisimame ukingoni mwa gati meli inapokaribia. Rudi nyuma mpaka ifungwe kamba.

Meli ikingoja nje ya bandari, usiwapigie kelele mabaharia. Pengine wanajaza mitungi yao, au wanajaribu injini mbele na nyuma kabla ya kuingia. Ni jambo jema.

Kama kijijini kwenu kuna kompresa ya kujazia magurudumu, fungua koki ya chini ya mtungi kila siku maji yatoke. Usipofanya hivyo mtungi utaliwa na kutu kutoka ndani, na siku moja utapasuka. Usiuchomelee wala kuupiga nyundo ukiwa na hewa ndani.

Na kama umepewa kazi ya kukagua kitu, kikague kweli. Sahihi yako katika daftari si kazi. Ni ahadi kwamba kazi imefanyika. Sisi tuliojifunza kuandika majina yetu tukiwa watu wazima tunaijua thamani ya sahihi.

MANENO MAPYA

Kompresa: mashine ya kushindilia hewa.
Vali: mlango mdogo wa kufungua na kufunga njia ya hewa au maji.
Rafadha: pangaboi la chuma linalosukuma meli.
Gavana: chombo kinachopima mwendo wa injini na kuupangia mafuta.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini tunasema meli haina breki?
2. Hewa ina kazi gani mbili katika injini ya meli?
3. Lori likikosa upepo linasimama. Kwa nini si vizuri meli ifanye hivyo?
4. Pistoni ina uso wa sentimita 50 za mraba. Hewa inasukuma kwa kilo 7 kwa kila sentimita. Nguvu yote ni kilo ngapi?
5. Je, kijijini kwetu kuna kazi ambazo watu husaini bila kuzifanya? Tufanye nini?